Mkamuo Uliomwagwa Makambako

Mapipa matatu ya mkamuo wa majani ya chai, maji mazito ya kutengenezea kinywaji cha afya, yalisimama mahali pake, mifuniko imekazwa. Ndani hamkuwa na tone.

"Wameunyonya kwa mpira," alifoka Ronald Nyagawa, mwenye kiwanda. "Ni washindani wangu wa Njombe. Lori lilikuwa lipakie leo!"

Inspekta Feliciana Mtewele aliliinamia kufuli la stoo. Halikuvunjwa. Akatoka nje. Mvua ilikuwa imelainisha uwanja mzima, lakini hapakuwa na alama ya tairi hata moja. Mlinzi aliapa kwamba jana, Jumapili, watu wakiwa ibadani, aliingia mtu mmoja tu: Ema, mkemia wa kiwanda.

Nyuma, chini ya kibanda cha bati, kulikuwa na shimo la majivu. Majivu yalikuwa yameloa, ya kijani, yananuka spiriti.

"Hapa hakuna kilichoibwa," Feliciana alimwambia askari wake. "Kimemwagwa. Chukua sampuli."

Kituoni, Ema aliketi wima, mikono kaikunja kifuani.

"Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Mimi na bosi."

"Jana ulifuata nini kiwandani?"

"Kumwaga."

Feliciana aliinua macho. Alizoea watu kuanza kwa kukana.

"Umwage kazi yako mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mwaka mzima nilitafuta namna ya kuvitoa viondoa-sumu vyote kwenye jani, vile vinavyoulinda mwili. Nisage laini kiasi gani, joto liishie wapi, spiriti iwe na nguvu gani. Nikapata. Kisha bosi akabadilisha spiriti kimyakimya. Akaweka methanoli."

"Tofauti yake nini?"

"Inakamua zaidi. Na inapofusha watu, afande. Inaua."

"Ulijuaje?"

"Vipimo vilipanda ghafla, na majani ni yaleyale. Nikapima spiriti yenyewe. Nilipomwambia, akasema itatoka na mvuke. Nikapima mapipa, imo. Akaniambia lori linapakia Jumatatu, nifunge mdomo."

"Ungekuja polisi."

"Mngefungua jalada, mngesubiri maabara. Lori nalo lingesubiri?"

Feliciana alivuta karatasi ya maelezo.

"Niandike hivyohivyo. Sijutii. Yangekuwa mapipa kumi, ningemwaga kumi."

Majibu ya maabara ya serikali yalipofika, Feliciana alimwita Ronald.

"Binti yule ni mhalifu!" Ronald aligonga meza. "Mfunge, la sivyo nampigia mkubwa wako Njombe."

"Piga." Feliciana alimsogezea simu. "Ukimaliza, nieleze methanoli imefikaje kwenye mkamuo wako."

Ronald hakuigusa simu.

"Wewe ungekunywa chupa moja?"

Ronald aliitazama meza.

"Nimekuuliza, ungekunywa?"

"Wanunuzi walitaka kiwango cha viondoa-sumu kilicho juu kuliko cha wenzangu," alisema hatimaye, sauti imepungua. "Spiriti ya kawaida haikunifikisha. Nikabadilisha mimi. Nilidhani kidogo haitadhuru mtu."

"Ema hakukwambia?"

"Aliniambia."

Askari akamwongoza Ronald hadi mahabusu. Ema alikuwa amesimama kaunta.

"Na mimi je?"

"Umeharibu mali ya mtu. Nitaliandika hilo, na sababu yake nitaiandika. Hakimu ataamua."

Ema aliyasoma maelezo yake mpaka mwisho, akatia sahihi.

"Sawa, mama," alisema. "Akiniuliza kama ningerudia, nitamwambia ndiyo."