Spika ya Kushoto

Siku ya maonyesho, hoteli ilijaa hadi mlangoni. Wauzaji wa spika kutoka Arusha, Dar es Salaam na Nairobi walikuwa wamepanga bidhaa zao chumba kwa chumba, na watu wa Moshi walitoka hiki wakaingia kile, wakibishana kama mashabiki wa mpira. Winfrida alishasikiliza nyingi bila kumaliza wimbo hata mmoja. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lililombana kiunoni, miwani ameisukumia kichwani. Alikuwa mwalimu wa shule, tena alifundisha kwaya ya usharika mmoja wa Kilutheri Old Moshi, na kamati ya kanisa ilimtuma achague spika za kanisa jipya.

Chumba cha mwisho alikuwamo Ildefonce, mwenye duka la vifaa vya muziki mtaa wa Mawenzi, mrefu, shati jeupe, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko.

"Kaa katikati, mwalimu."

"Nani kakwambia mimi ni mwalimu?"

"Umeniangalia kama sijafanya kazi ya nyumbani."

Winfrida akacheka, akakaa. Ildefonce akaanza na spika ndefu, nyeusi, zinazong'aa. Besi yake iligonga kifuani, lakini mwimbaji alisikika kama yuko nyuma ya pazia. Kisha akaweka ndogo za mbao. Mama aliyeimba kwenye rekodi alivuta pumzi, na pumzi yenyewe ikasikika.

"Zile kubwa zinajisifu," Winfrida alisema. "Hizi zinaimba. Ila mwimbaji amesimama kulia. Spika yako ya kushoto ina shida."

Ildefonce alizibadilisha, ya kulia ikaenda kushoto.

"Bado yuko kulia."

Akabadilisha waya. Bado. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kila alipozungumza, mwanamke huyu aligeuza uso kidogo, akimletea sikio la kulia. Alitaka kusema, akashindwa. Akaenda kwenye amplifaya, akazungusha kitufe cha kugawa sauti taratibu kuelekea kushoto.

"Na sasa?"

Winfrida alifumba macho. Sauti ilikuja ikasimama mbele yake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitulia hadi wimbo ukaisha.

Jioni ile Winfrida alimpigia Ildefonce kwa namba aliyomwachia, akamtania kwa jina la wenye maduka wa Kichaga.

"Mangi, umeziuza spika zangu?"

"Nimezificha chini ya meza."

"Basi kesho nakuja kuhakikisha."

Alikuja kesho, na keshokutwa. Walikula mtori, supu ya ndizi na nyama, karibu na soko, wakatembea katika msitu wa Rau mikono imeshikana. Lakini Winfrida alikuwa mtu asiyetulia. Katikati ya chakula aliomba wahame meza. Njiani alihama upande mmoja hadi mwingine mpaka Ildefonce awe kuliani kwake. Darasani aliwaambia wanafunzi warudie walichosema, akalaumu mvua kwenye bati.

"Mpenzi, una nini?" Ildefonce alimuuliza siku moja.

"Sina kitu. Nibembeleze tu."

Naye akambembeleza, neno lililokuwa mdomoni akalimeza. Dukani, kila alipojua Winfrida yuko njiani, alikizungusha kile kitufe.

Jumamosi moja Winfrida alikwenda dukani na rafiki yake Loveness, mwimbaji wa sauti ya pili kwaya ileile.

"Kaa hapo katikati usikilize," alimwambia kwa fahari.

Loveness alisikiliza, akakunja uso. "Mbona wimbo wote unatokea kushoto?"

Winfrida aliiendea amplifaya, akakiona kitufe, akakirudisha katikati, akakaa kwenye kiti cha katikati. Mwimbaji alihama, akasimama kulia.

"Tangu lini unajua?" alimuuliza Ildefonce.

"Tangu siku ya maonyesho."

"Siku zote hizi unanitengenezea sauti."

"Niliogopa kukuumiza."

"Umenifanya mtoto, Ilde. Unanipa pipi ili nisilie."

Alitoka. Loveness alimkimbilia, lakini alikuwa ameshavuka barabara. Tangu siku hiyo simu alizopiga Ildefonce hazikupokelewa, na ujumbe wake ulisomwa bila kujibiwa.

Winfrida alizunguka mji kwa siku kadhaa, hajui anakwenda wapi. Hatimaye miguu ilimfikisha hospitali, mahali alipopakwepa kwa muda mrefu. Daktari alimpima, akamweleza bila kuzunguka: neva ya sikio la kushoto imedhoofika, haitarudi, kuna kifaa cha kuvaa kitakachomsaidia kiasi. Alipotoka nje, hasira yake kwa Ildefonce ilikuwapo bado, lakini alijua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kujificha.

Siku ya mazoezi, manyunyu yakidondoka juu ya migomba, Ildefonce alipanda Old Moshi. Hakuingia. Alisimama mlangoni mwa kanisa, koti limelowa, akasikiliza hadi wimbo ukaisha. Winfrida alimwona, akamfuata.

"Kama umekuja kuomba msamaha, ombea upande huu," alisema, akimvuta kuliani kwake.

"Nisamehe. Lilikuwa jambo lako, nikalifanya siri yangu."

"Halitapona. Nimeenda kupima." Alikaza macho kwenye mvua. "Sitaki huruma. Nataka mtu ambaye akisikia nisichosikia, ataniambia."

"Hata kama kitauma?"

"Hata kama."

Ildefonce aliwatupia jicho waimbaji, kisha akasema, "Sauti ya pili inashuka. Inazama tangu ubeti wa kwanza. Wako kushoto kwako, Wini. Nadhani wanaona aibu kukuambia."

Winfrida alishika mlango. Akageuka. "Loveness, ni kweli?"

Loveness alitazama sakafu. "Ni kweli, mwalimu. Tangu kabla ya Pasaka."

Winfrida alilia mbele yao wote, bila kujifunika uso. Kisha akajipangusa kwa ncha ya kitenge.

"Sauti ya pili, hamieni kulia. Leteni na benchi."

Waliimba. Safari hii alisikia walipozama, akawasimamisha. Wakarudia, wakarudia tena, mpaka sauti zikashikana, na waimbaji wenyewe wakatazamana.

Waimbaji walipoondoka, Ildefonce alikuwa bado mlangoni.

"Jumapili baada ya ibada uje nyumbani," Winfrida alimwambia. "Uje na wazee wako. Baba atakuuliza wewe Mkatoliki utamwoaje Mlutheri, jiandae."

Ildefonce alimtazama kuhakikisha hatanii. "Na spika?"

"Spika atazichagua Loveness. Mimi nimeshachagua."

Ildefonce alitoa simu palepale, mvua ikimpiga begani.

"Shikamoo, mama," alisema. "Jumapili usipange safari."