Gitaa Lisiloogopa Kiangazi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Douce alikuwa akichota maji bombani na kufagia mbele ya nyumba yao, kisha akiingia ndani kulitazama gitaa. Lilikuwa gitaa la kwaya ya watoto wa kanisa lao katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi. Katika kwaya nzima, Douce peke yake ndiye aliyeweza kulipiga bila kutazama vidole, ndiyo maana mwalimu wao, Papa Adolphe, alimkabidhi alitunze.

"We Douce, sikiliza vizuri," Papa Adolphe alimwambia siku ile. "Gitaa hili ni mti. Mti ukikauka unajikunja. Kama hulipigi, likae ndani ya mfuko wake. Na hii sponji, uilowanishe, uikamue, uiweke mule mule mfukoni. Kiangazi cha hapa hakina huruma."

"Ndiyo, Papa."

Mwanzoni Douce alitii. Lakini majirani walipenda kuliona gitaa, naye alipenda kuonwa nalo. Akapigilia msumari ukutani, akalitundika chini ya bati, karibu na pale mama yake alipowasha mbabula, jiko lake la mkaa, siku za upepo mkali. Sponji ilisahauliwa mfukoni, ikakauka ikawa ngumu kama mkate wa juzi.

Oktoba ikaingia na upepo wake. Vumbi jekundu lilipita chini ya milango. Midomo ya watoto ilipasuka, na mbao za madirisha zikaanza kuchezacheza ndani ya fremu zake. Alasiri moja, Douce akiwa peke yake ndani, alisikia sauti ndogo kutoka ukutani: tak!

Akadhani ni bati. Baada ya kitambo ikalia tena. Alisimama, akasogea, akalishusha gitaa. Nyuzi zilikuwa zimelala karibu mno na shingo. Alipozigusa zilinguruma kama nyuki waliofungiwa chupani. Chini ya kidaraja kinachoshikilia nyuzi palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Alijaribu kuufuta kwa kidole, haukufutika.

Ulikuwa ufa.

Douce alilirudisha gitaa mfukoni na hakumwambia mtu yeyote. Kila alipolichungulia, ufa ulikuwa umesogea mbele kidogo. Alijua anapaswa kwenda kwa Papa Adolphe upesi. Kila siku alisema, "Kesho," na kila siku ufa uliongezeka, hadi ukucha wake ukaweza kuingia.

Jumamosi, rafiki yake Amanda alimpitia waende mazoezini. Amanda alikuwa mtoto wa Kirundi aliyeishi na bibi yake, Mama Thacienne, na sauti yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo zote za kwaya. Alipokuwa akizunguka kiti, goti lake liligusa mfuko wa gitaa. Mfuko ukateleza taratibu, ukalala juu ya mkeka.

"Oh, pole!" Amanda alisema, akauinua.

Kanisani Papa Adolphe alifungua mfuko, akalitoa gitaa. Ubao wa mbele ulikuwa umepasuka mpaka kwenye tundu la katikati.

"Nani alifanya hivi?" aliuliza kwa sauti ya chini, na sauti ile ya chini iliwatisha watoto kuliko kelele.

Ulimi wa Douce ulitangulia akili yake. "Amanda aliliangusha."

"Lilianguka kwa mkeka, Papa!" Amanda alilia. "Kidogo tu!"

"Lilianguka ao halikuanguka?"

"Lilianguka, lakini..."

"Basi. Kaa nyumbani kwanza, mpaka nitakapokuita."

Amanda alimtazama Douce. Alingoja aseme neno. Douce aliinamisha macho, na Amanda akatoka nje kwenye vumbi.

Kuanzia siku hiyo mambo yaliharibika. Bombani watoto walimwita Amanda "Mvunja-gitaa," hata akaanza kwenda kuchota maji upande wa pili wa kambi. Kwaya iliimba bila sauti yake, ikasikika kama nyumba iliyotolewa mlango. Mama Thacienne alipokutana na Douce njiani alimsalimu kwa upole kama zamani, na salamu ile ilimchoma Douce kuliko tusi.

Kisha habari ikaja: kanisa rafiki la mtaa wa Area 49 huko Lilongwe lingewanunulia gitaa jipya. Lingekuwa moja tu, wala wasitegemee jingine. Desemba kwaya ingezunguka makanisa ya mjini humo mpaka mtaa wa Chinsapo.

"Tutaenda Lilongwe pamoja kulinunua," Papa Adolphe alimwambia Douce. "Wewe ndiye mpigaji. Utachagua kwa vidole vyako."

Njia nzima Douce alitazama dirishani. Mashamba yalikuwa yamechomwa moto, nchi ni nyeusi pande zote, na jua lilining'inia ndani ya moshi, jekundu. Alijisikia kama mtu anayepelekwa kuhukumiwa.

Muuza magitaa alikuwa mtu wa Bukavu aitwaye Gaspard. Aliwakaribisha kwa furaha, akauliza: "La kwanza lilikufa na nini?"

"Lilianguka," Papa Adolphe akajibu. "Mtoto aliliangusha."

"Ah! Basi mnahitaji sanduku gumu la kulikinga." Gaspard akashusha gitaa la mbao lenye rangi ya asali, liking'aa kama maji. "Hili na sanduku lake, hata likianguka kwa baiskeli ya kabaza, hakuna shida."

Douce alilipiga. Sauti yake ilikuwa nzuri ajabu.

"Papa Gaspard," aliuliza, "na hili... linaogopa upepo mkavu?"

"Gitaa lolote la mbao linaogopa ukavu, mwanangu. Sanduku linazuia kuanguka, halizuii kiangazi. Lakini lenu lilianguka, si njo hivyo?"

Gaspard alianza kulilaza gitaa ndani ya sanduku. Douce aliona vibanio vya sanduku vikifungwa, cha kwanza, cha pili. Akaona na Oktoba nyingine ikija na upepo wake, na ufa mwingine, na mtoto mwingine akitolewa nje.

"Papa Adolphe, hapana!" alipaza sauti. "Halikupasuka kwa kuanguka. Lilikauka. Mi njo nililitundika karibu na moto, na sponji sikuilowanisha. Ufa ulikuwepo kabla Amanda hajaligusa. Nilisema uongo."

Machozi yalimtoka. Papa Adolphe alikaa kitako juu ya kiti, akajishika paji la uso.

"Fungua sanduku, Gaspard," alisema mwishowe. "Hilo si letu."

Gaspard aliingia nyuma ya duka, akarudi na gitaa dogo, jeusi tii, lisilo na urembo. Douce aliliona baya, kama sufuria iliyoungua.

"Hili si mti," Gaspard alieleza. "Ni nyuzinyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Halinyonyi unyevu, kwa hiyo halivimbi masika wala halisinyai kiangazi. Ni dogo, unalibeba mgongoni safarini. Lakini usichague kwa maneno yangu. Likague."

Douce alipangusa macho. Alitazama shingo kama imenyooka, akazungusha vishikio vya nyuzi, akagonga mgongo wake kwa kidole. Aliangalia ndani ya tundu pia, maana Gaspard aliwaonya kwamba magitaa mengine ni mbao zilizopakwa rangi nyeusi tu. Hili lilikuwa jeusi ndani na nje. Alipolipiga, sauti ilitoka safi, yenye nguvu kuliko umbo lake.

"Hili, Papa," alisema.

"Gitaa tumepata," Papa Adolphe akajibu. "Deni letu kwa Amanda bado."

Waliporudi Dzaleka walienda moja kwa moja kwa Mama Thacienne. Douce alisema yote, mbele ya bibi na mbele ya majirani waliokuwa uani. Amanda alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nangojea useme," alisema. "Kila siku bombani nilikuwa nangojea."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini si leo."

Naye Papa Adolphe alimgeukia Amanda. "Mi pia nilikosa, mwanangu. Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Nisamehe. Rudi kwaya." Kisha akamvua Douce mfuko mgongoni, akampa Amanda. "Wewe ndiye utakayelitunza."

Jumapili iliyofuata Amanda ndiye aliyeanzisha wimbo. Ilipita wiki nyingine kabla hajapita kwa Douce waende bombani pamoja, na siku hiyo Douce alikimbia na ndoo bila hata kuvaa viatu.

Siku ya mazoezi Papa Adolphe aliwakusanya watoto wote.

"Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua," aliwaambia. "Ufa mdogo ungetajwa mapema, ungezibwa. Ulipofichwa ulipasua gitaa, ukapasua na urafiki, na kidogo utununulishe gitaa lisilotufaa. Hatuwezi kuchagua dawa kama hatutaji ugonjwa. Ukikosea, sema mapema. Aibu ya kusema inapita, lakini uongo ukiuacha unakua kila siku."