Vidole vya Kijani Ukutani

Kila asubuhi, huko Kapata, mtaa wa wachimbaji wa shaba, Falonne alitwanga sombe, majani ya muhogo, uani huku mama mkwe wake, Godelieve, akiwasha makaa. Wiki hiyo wote wawili walikuwa na hofu. Elisée, mtoto wa Falonne mwenye miaka mitatu, alitapika kila alipokula. Na ukutani karibu na kitanda chake palitokea alama za vidole vitano vya kijani.

Falonne alizifuta. Kesho yake zilirudi mlangoni, chini kabisa, kama za kitu kinachotambaa. 

Majirani, ambao hawakosi jibu, walimnong'oneza habari za uchawi, "Ule mama muzee njo anajua." Lisemwalo lipo, alijiambia Falonne. Alifunga nguo za Godelieve ndani ya kitenge.

"Mama, rudia kwenu Kasai."

"Kwetu njo hapa, Falonne," alijibu mzee, akaanza kulia kwa sauti.

Jirani yao Marlène, mfanyakazi wa laboratwari, yaani maabara ya kupima mawe, alisikia kilio akaingia. Alipoona alama za kijani mlangoni, alichungulia ndani ya kinu.

"Nani ametwanga majibwe humu?"

"Mi," alisema Kisimba, mume wa Falonne, mchimbaji, akitoka ndani na jiwe mkononi. "Malakite kidogo, ya kuonyesha mununuzi. Nilisukula kinu na mayi."

Lakini vumbi lilikuwa limebaki kwenye nyufa za kinu. Sombe ni ya kijani, kwa hiyo hakuna aliyeliona. Marlène alilitazama jiwe: vipira vidogo vya kijani, vyenye nyuzi nyembamba ndani.

"Malakite iko ya shaba. Hii inaweza kuwa glokosferite, shaba na nikeli pamoja. Haionekane mingi. Inazaliwa karibu na juu ya udongo, mahali mayi na hewa inaozesha majibwe ya shaba na nikeli. Asidi inatoa povu kwa zote mbili, haiwezi kuzitenganisha. Laboratwari njo itasema."

"Iko sumu?"

"Vumbi yake inatapisha. Nikeli inawashisha ngozi. Na huku kwetu, mara ingine iko pamoja na uranium, yenye mionzi ile macho haiwezi kuona. Musiilaze mu nyumba!"

Falonne alitazama vidole vyake vilivyojaa vipele. "Na ile alama?"

Marlène aliushika mkono wa Elisée, akauweka juu ya alama ya mlangoni. Ulienea sawasawa. Mtoto alikuwa amechezea vumbi.

Siku hiyohiyo walimpeleka hospitali. Marlène alichukua jiwe na kinu ndani ya mfuko uliofungwa. Falonne alipangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, bila kufagia, ili vumbi lisiruke. Kisimba hakutwanga tena mawe nyumbani, na nguo za mgodini alizivulia nje.

Baada ya wiki mbili laboratwari ilithibitisha: glokosferite. Elisée alikula bukari, ugali wao, akaomba nyingine.

Falonne alipiga magoti mbele ya mama mkwe, aibu imemjaa.

"Mama, unisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Godelieve. "Lakini kama Marlène hakukuya, leo mutoto angekuwa anaendelea kutapika, na mi ningekuwa nalala mu barabara. Mungesingizia nani tena?"