Picha ya Bibi Harusi wa Carbon

Nerissa alikuwa amechuchumaa kwenye sehemu ya maua ya soko la Carbon, mjini Cebu, akimpiga picha muuza waridi aliyekuwa akicheka na mumewe. Aliporudi nyuma hatua moja, akamkanyaga mtu.

"Samahani, ka—"

Alikuwa Jovito, ndani ya shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, kamera mpya ikining'inia shingoni.

"Nerissa. Umependeza."

"Na wewe umenenepa. Sifa za watu zina mafuta, eti?"

Jovito akajaribu kucheka. Miaka miwili iliyopita walikuwa wachumba na studio yao ilikuwa moja. Nerissa ndiye aliyepiga picha ya bibi harusi aliyekaa kwenye ngazi za soko hilihili, viatu mkononi, akilia na kucheka kwa pamoja huku bibi yake akimpangusa miguu. Picha hiyo ilishinda shindano kubwa Manila, kwa jina la Jovito. Nerissa aliliona gazetini. Siku hiyohiyo akafungasha vitu vyake akaondoka, wala hakutaka kusikia neno.

"Jumamosi nina harusi ya Divina, binti wa Mzee Crisanto, yule baharia," Jovito alisema. "Nasikia nawe umo?"

"Shangazi wa bwana harusi ameniajiri. Wewe unapiga za albamu, mimi za kuonyeshwa kwenye skrini wakati wa chakula. Usichelewe, bwana mshindi."

Akageuka akaenda zake, moyo ukimdunda. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba sehemu ya mapigo yale haikuwa hasira.

Wiki nzima alipika kisasi cha siku hiyo. Alizitafuta picha zote alizopiga pale ngazini, moja baada ya nyingine. Katika ya nne, pembeni kabisa, Jovito alionekana waziwazi: ameshika taa, mdomo wazi, akipiga miayo. Nerissa alicheka peke yake hadi machozi yakamtoka. Alhamisi Jovito akampigia simu.

"Nerissa, kuna jambo nimefanya, nataka ulisikie kwangu kabla—"

"Utanisikia wewe Jumamosi," alisema, akakata.

Jumamosi asubuhi kanisa lilijaa. Divina alivaa gauni la mamake lililopunguzwa kiunoni. Wanaume walikuwa ndani ya barong, yale mashati meupe ya sherehe. Mzee Crisanto, babake Divina, alikuwa ameshuka melini siku mbili tu nyuma. Alipotaka kumfunika bintiye shela usoni, ilimteleza mara mbili hata Divina akamshika mikono, wakaishusha pamoja. Jovito alikuwa amesimama mbele yao hasa. Akamwona Nerissa nyuma yake, akashusha kamera, akapiga magoti kumpisha. Nerissa akaipata picha hiyo. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizopiga mwaka ule, na alichukia kuwa Jovito ndiye aliyempa nafasi ya kuipiga.

Lakini hakubadili nia.

Adhuhuri watu walikuwa wanamshambulia nguruwe wa kuokwa pale skrini ilipowaka. Wakaona picha za kanisani, wakapiga makofi. Kisha zikaja zile za bibi harusi kwenye ngazi za Carbon, na mwisho Jovito na miayo yake. Chini Nerissa alikuwa ameandika: "Mpiga picha mashuhuri, akiwa kazini."

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha kicheko kikafifia watu walipoanza kuelewa: aliyeshika taa hawezi kuwa ndiye aliyepiga picha ile iliyoshinda. Jovito akasimama. Uso ulikuwa umempauka.

"Ni kweli. Picha ile ni ya Nerissa. Niliituma kwa jina la studio, wao wakaandika langu. Siku ya kwanza lilikuwa kosa lao. Kuanzia ya pili ulikuwa wizi wangu, kwa sababu nilinyamaza."

Akaweka kamera mezani, akatoka. Nerissa alisubiri utamu aliouota kwa miaka miwili. Badala yake Divina akamjia, shela mkononi, macho mekundu.

"Dada Nerissa, ulikuwa na miaka miwili ya kumsema mtu huyu. Kwa nini ukachagua saa yangu moja?"

"Nimekukosea," Nerissa alisema. "Sana."

"Basi irudishe ile ya baba na shela. Nataka watu waondoke na hiyo."

Akairudisha, akaiacha kwenye skrini. Mzee Crisanto alipojiona, akajifunika uso kwa kitambaa cha meza, na bintiye akamkumbatia. Hapo Nerissa akatoka nje.

Jovito alikuwa ameegemea ukuta juani.

"Umefurahi?"

"Kidogo. Nilitaka uaibike."

"Nimeaibika."

"Alhamisi ulitaka kuniambia nini?"

"Kwamba baada ya sisi kukutana sokoni niliwaandikia wale wa shindano la Manila barua. Nimewaambia waandike jina lako."

Nerissa akakaa chini kwenye kibaraza, bila kujali vumbi kwenye gauni lake la kijani.

"Mjinga wewe. Miaka miwili!"

"Niliogopa utanichukia."

"Nilikuchukia kila siku. Na kila siku nilitaka kukupigia nikusimulie nilichopiga." Akapangusa pua kwa kiganja. "Twende ndani, ukamwombe Divina msamaha pamoja nami. Halafu tule."

"Umenisamehe?"

"Nimesema tule."

Hasira haikuisha siku ile. Yalipita masika na kiangazi, Jovito akija kwake kila Jumapili na maembe, akitukanwa mlangoni, akikaribishwa. Wala hata Desemba Nerissa hakutamka kuwa amesamehe. Asubuhi moja tu, mkono mmoja ukiwa umejaa mizigo, alimtupia Jovito ufunguo wa studio yake.

"Fungua wewe, mpenzi," alisema. "Na kuanzia leo usiurudishe."