Moshi wa Maandazi

Hapa Maji ya Chai hakuna anayenishinda kukaanga maandazi. Tuko wawili tu, na mwenzangu Marta amevunjika mkono.

Kila asubuhi huwasha jiko langu kando ya mashine ya kusaga ya Mzee Kaanaeli. Mashine hiyo hutumia dizeli, na moshi wake ni mweusi kama sufuria yangu. Mjukuu wangu Elinipa ana pumu. Akija kunisaidia kabla ya shule, hukohoa mpaka wateja wananunua kwa huruma. Biashara ilikuwa nzuri, lakini daktari akasema: moshi upungue, au mtoto asikanyage tena hapo.

Basi Mwalimu Hedwiga, anayefundisha sayansi shuleni kwa Elinipa, akachukua mafuta niliyokwisha kukaangia, akayachuja, akayachanganya na methanoli na dawa nyingine. Wanafunzi walikaa mbali, kwa kuwa methanoli ni sumu. Gliserini, ule uteute mzito, ikatuama chini. Juu yakabaki mafuta ya kuendeshea injini, rangi yake kama chai ya rangi. Mzee Kaanaeli aliogopa yangeiharibu mashine yake, lakini akakubali kuyajaribu mara moja tu.

Siku ya jaribio mashine ikanguruma. Moshi ukatoka mweusi vilevile.

"Mmeona?" akasema Mzee Kaanaeli. "Mafuta yenu hayana tofauti. Mtoto akae nyumbani."

Elinipa akanusa. "Babu, mbona moshi haunukii maandazi? Tulipojaribu kwenye jenereta ya shule, mpaka mbuzi walikuja."

"Nimeyamimina yote, tone la mwisho nimekung'uta."

Mara mkewe, Fransiska, akatokea na dumu. "Baba Hans, hili ulilolificha uvunguni linanizuia kufagia. Niliweke wapi?"

Mzee akautazama Mlima Meru kama mgeni aliyeshuka leo.

Tangi likamwagwa dizeli, likajazwa mafuta yetu. Moshi ukawa mwepesi, ukanukia maandazi. Waliokuja kusaga wakaacha foleni yao, wakaja kupanga foleni kwangu. Elinipa akasimama pale pale, asikohoe. Mzee mwenyewe akanunua matatu.

"Mafuta haya yana oksijeni ndani yake," mwalimu akaeleza, "kwa hiyo yanaungua vizuri na masizi yanapungua. Masizi hayaishi kabisa. Ila tungeuamini ule uongo, mtoto angefukuzwa na moshi ungebaki. Tuseme kweli, ndipo tutajua la kurekebisha." Akanigeukia. "Halafu Bibi, mafuta yakikaangiwa mara nyingi yanadhuru mwili. Wewe unayatumia mara ngapi kabla ya kunipa?"

"Mara mbili tu, mwalimu."

Elinipa akakohoa. Na moshi ulikuwa umeelekea upande wa pili.