Majani ya Simali

Rafiki yangu Dhanmaya anaishi na mama mkwe wake, wawili tu. Jioni moja yenye ukungu alishuka kando ya mto Tamor kuchuma simali, kichaka ambacho majani yake huchemshwa na kufungwa kwenye magoti yanayouma. Nyuma ya kichaka alisikia mtu akikwanyua majani harakaharaka.

"Dada, nibakizie basi!" alitania.

Sauti ya majani ilikatika ghafla, na hakuna aliyejitokeza. Dhanmaya aliingiwa na hofu, akapanda mlima mbio hadi nyumbani, mikono mitupu.

Alimkuta mama mkwe kitandani, magoti yamefungwa majani yanayofuka mvuke.

"Nani amekufunga, mama?"

"Acha mzaha, mwanangu. Si wewe, sasa hivi?"

Jikoni, mfuniko wa sufuria ulifunuliwa taratibu, ukawekwa chini.