Folda ya Mvua

Kila asubuhi Mwelu alikuwa na kazi mbili kabla ya kengele ya shule kulia. Ya kwanza ilikuwa ya nyumbani, kulisha kuku na kumchotea Susu, nyanya yake, maji ya kunawa. Ya pili ilikuwa ya shuleni, kupima mvua.

Jumatano ile aliongezewa ya tatu. Susu alimpa chumvi iliyofungwa kwenye karatasi.

"Pitia kwa Mama Kalunde umpe hii. Alikuja kuomba mapema."

"Lakini Susu, juzi tu tulimpa!"

"Na kesho akiomba tutampa. Jirani akiomba chumvi hanyimwi. Ukimnyima, ujue siku yako ya kula mboga chapwa iko njiani."

Mwelu alicheka, akashika njia. Maneno hayo aliyajua tangu hajaanza kusoma. Mtu asiyetoa chumvi alikuwa mtu wa kuogopwa kijijini kwao.

Shule yao ilikuwa mwendo mfupi kutoka soko la Katelembo. Nyuma ya madarasa kulikuwa na kipimamvua ndani ya ua mdogo wa seng'enge, kuzuia mbuzi. Mumo alikuwa ameshafika. Mumo alikuwa mvulana mpole, mrefu kama bua la mhindi, na nyumba yao ilipakana na shule.

"Sasa, Mwelu."

"Poa. Ngapi leo?"

"Milimita mbili. Mvua imechoka sasa."

Walifuta namba ya jana kwenye ubao mdogo, wakaandika mbili, kisha wakaenda kwenye chumba cha kompyuta kuiingiza. Chumba hicho kilikuwa na kompyuta sita za wanafunzi, zote zimeunganishwa kwa waya na kompyuta kubwa ya Mwalimu Warigia. Ndani ya ile kubwa ndimo mlimokuwa na folda za vikundi vyote. Kila folda ilikuwa na neno lake la siri. Ukiwa na neno, unaweza kuifungua kutoka kompyuta yoyote chumbani. Usipokuwa nalo, utagonga vitufe mpaka vidole viume.

Neno la Folda ya Mvua lilijulikana na watu watatu tu: Mwalimu Warigia, Mumo na Mwelu. Tangu tarehe ya kwanza ya Machi walikuwa wamekusanya siku mia moja na mbili. Likizo ya Aprili Mumo hakupumzika hata siku moja. Alikuwa akiruka ua kila asubuhi, anapima, anaandika. Jumamosi hiyo walikuwa waende kwenye maonyesho ya sayansi kule Tala, waeleze mvua ya kwao siku kwa siku.

Saa ya chakula cha mchana, Syokau alikuja kukaa karibu na Mwelu. Syokau alikuwa rafiki yake wa dawati moja, na kikundi chake kilikuwa kikichunguza maharagwe.

"Mwelu, nipatie paswadi yenu dakika mbili tu. Nataka kuona vile mlichora lile jedwali, nichore la maharagwe kama hilo."

"Mwalimu alisema tusimpe mtu."

"Na mimi ni mtu? Mimi si ni Syokau! Juzi ulisahau kijiko, tukatumia changu kwa zamu. Leo unaninyima kaneno kamoja?"

Mwelu aliona aibu. Alikumbuka chumvi ya asubuhi. Kama jirani hanyimwi chumvi, rafiki atanyimwaje neno, tena neno ambalo likitolewa halipungui? Akainama, akamnong'oneza.

Alhamisi asubuhi, Mwelu na Mumo walifungua Folda ya Mvua ili waingize sifuri ya siku ile. Folda ilikuwa tupu. Waliifunga, wakaifungua tena. Tupu kama mtungi uliopasuka.

"Aiya!" Mumo alisema, akashika kichwa. "Machi iko wapi? Aprili yangu iko wapi?"

Mwalimu Warigia aliitwa. Alitafuta, akavua miwani, akaivaa, akatafuta tena. Kisha akawageukia.

"Tunaolijua neno la siri ni watu watatu. Mimi sikugusa. Je, kuna aliyempa mtu mwingine?"

"Hapana, Mwalimu," Mumo alisema.

Mwelu alichezea kifungo cha sweta. "Hapana," naye akasema.

"Jana jioni nani alifagia chumba hiki?"

Mumo akainua mkono polepole. "Ni mimi. Lakini sikuwasha kompyuta hata moja."

"Ulikuwa peke yako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu Warigia alizima kompyuta kubwa. "Sisemi ni wewe. Lakini mpaka nijue ukweli, huendi Tala. Nenda darasani."

Habari hazikosi miguu. Kufikia saa nne, darasa zima lilikuwa limesikia. "Mwizi wa mvua!" walimwita Mumo uwanjani. "Turudishie mvua, tunataka kupanda!" Mumo aliondoka. Alikaa karibu na kipimamvua, akawa anang'oa majani yaliyoota chini ya seng'enge.

Mwelu alimvuta Syokau nyuma ya tangi la maji.

"Ulifanya nini kwenye folda yetu?"

"Sikufanya kitu! Jana mchana nilikuwa kompyuta nambari tano, nikachukua nakala, nikaangalia, basi." Macho ya Syokau yalikuwa yamejaa machozi. "Usinitaje, Mwelu. Baba akiitwa shuleni, mimi nimekwisha."

Kwa hiyo Mwelu akanyamaza. Lakini kunyamaza kwenyewe kulikuwa kazi. Alikaa, akasimama. Alichonga penseli mpaka ikabaki kipande. Mwalimu wa hesabu alimwuliza swali, naye akajibu jibu la swali la jana. Kila alipotazama dirishani alimwona Mumo, na kila alipoacha kutazama alimwona bado.

Jioni nyumbani alipewa ungo wa mbaazi achague. Susu alikuwa mtunza ufunguo wa ghala la mbegu la mwethya, kile kikundi cha wanawake wanaosaidiana kulima. Ufunguo huo aliuvaa shingoni kwa kamba. Mara akaja Syombua, dadake Susu wa tumbo moja, akihema.

"Dada, nipe ufunguo nikachukue mbegu zangu za kunde. Wewe endelea tu kupika."

Susu alitoa sufuria motoni, akajifuta mikono, akafunga leso. "Twende."

"Kwani unaniogopa mimi?"

"Ningekuogopa ningekwambia urudi kesho. Twende nikufungulie."

Waliporudi, Mwelu aliuliza, "Susu, yule si ni dada yako? Kwa nini hukumpa ufunguo tu?"

"Mle ndani mna mbegu za wanawake kumi na wanane. Wao walinipa mimi ufunguo, hawakumpa Syombua. Akiupata yeye, atamtuma mwanawe, na mwanawe atamtuma mwenzake. Halafu kibuyu cha mtu kikipotea, nitasema nini? Hata aliyenyooka atashukiwa."

Ungo ulimtoka Mwelu mikononi. Mbaazi zikatapakaa, kuku wakaja mbio.

"Wewe mtoto, leo una nini? Tangu ufike umekaa kama mtu aliyekalia siafu."

"Sina kitu, Susu."

Susu alifukuza kuku. Alichutama, wakaokota pamoja.

Ijumaa asubuhi, pikipiki iliegeshwa nje ya chumba cha kompyuta. Ilikuwa ya Mike, fundi wa kompyuta kutoka mjini Machakos, kijana mwenye mkoba mkubwa na maneno mengi. Mwelu alikuwa amebeba madaftari kuyapeleka ofisini. Alimsikia kupitia dirisha lililo wazi.

"Mwalimu, hizi za wanafunzi ziko na virusi zote sita. Nafuta kila kitu, naanza upya. Saa hii nimemaliza nambari tatu. Hiyo yako kubwa ni sawa, siigusi."

"Futa tu," Mwalimu Warigia alijibu kwa sauti ya uchovu. "Tulichokuwa nacho cha maana kimeshapotea."

Mwelu alisimama kama aliyeshikwa mguu. Nambari tatu, kisha nne, kisha tano. Syokau alikuwa kwenye nambari tano! Kama ile nakala yake ilikuwa bado humo, ilikuwa imebakiza muda mfupi. Aliyaweka madaftari chini, palepale kwenye vumbi, akaingia mbio bila kubisha hodi.

"Mwalimu, usifute nambari tano!"

Mike aliinua mikono juu. "Pole pole, mrembo. Nambari tano imekufanyia nini?"

"Nilidanganya, Mwalimu. Nilitoa neno la siri. Nilimpa Syokau, na yeye alitumia nambari tano. Mumo hakufanya kitu. Alikuwa anafagia tu."

Mwalimu Warigia aliinuka. Alivuta kiti mbele ya nambari tano, akakisogeza kwa Mike. Mike alibofya hapa, akabofya pale, akapiga mluzi.

"Hii hapa! Siku mia moja na mbili, zimelala hapa zikitungoja. Huyo rafiki yako hakunakili. Alikata. Ukikata kitu, kinahama kutoka kule kinakuja huku, na kule panabaki patupu. Ningekuja hapa kabla yako, leo mngekuwa mnalilia hewa."

Syokau aliitwa, akalia, akakubali kosa lake. Halafu akaitwa Mumo. Mwelu alikuwa amepanga maneno mengi, lakini yalipotakiwa yakabaki mawili.

"Nisamehe, Mumo."

Mumo aliitazama sakafu. "Jana waliniita mwizi na ulikuwa umesimama pale. Ungenyamaza mpaka lini?"

Swali hilo ndilo lililomuuma Mwelu kuliko adhabu.

Adhabu nayo ilikuja. "Mumo ataeleza mvua yetu kule Tala," Mwalimu Warigia alisema. "Lakini kwanza, leo jioni mbele ya gwaride, mimi nitasema hakuiba kitu, na Mwelu atasema kwa nini Mumo alishukiwa. Kesho Mwelu utabaki upime mvua. Mimi pia nina kosa. Niliwapa watu watatu ufunguo mmoja, na sikuweka nakala popote. Mike, tutengenezee. Kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri. Mwenye kazi ya kuandika aandike. Anayetaka kusoma asome, lakini asiweze kuhamisha wala kufuta."

"Hiyo ndiyo lugha naipenda," Mike alisema, akifungua mkoba.

Jioni Mwelu alimweleza Susu yote, hata sehemu ile ya kudanganya. Susu alisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta.

"Nilidhani ni kama chumvi, Susu."

"Chumvi ni yako. Ukiitoa, umetoa chako, na hakuna atakayelia ila wewe. Ufunguo ni amana ya wengi. Rafiki akitaka kilichomo, inuka uende naye, umfungulie aone, ufunge. Hujamnyima. Na siku ukikosea, sema mapema. Ukichelewa, kosa lako linapata mtu mwingine wa kumkalia mgongoni."

Jumamosi Mwelu alipima mvua peke yake. Ilikuwa sifuri. Alitazama mara mbili kabla ya kuandika.

Jumatatu, Mumo alirudi na cheti cha nafasi ya pili, akakibandika ukutani bila kelele. Mwelu aliandika neno lake jipya la siri, akaingiza sifuri ya Jumamosi. Syokau alisimama mlangoni, akikunja ncha ya sweta.

"Bado sijachora lile jedwali," alisema. "Lakini siombi neno."

Mwelu alimtazama Mumo. Mumo alivuta kiti cha tatu, akakiweka katikati.

"Kaa hapa," alisema. "Tutakufungulia uone. Lakini mikono mfukoni!"